Kidole Gumba Kilichohama

Nimeombwa nizungumze juu ya nundu inayotokeza ubavuni mwa mguu, pale kidole gumba kinapoanzia. Hapa Kiuu wenye nundu hiyo ni wengi, na sihitaji kumwomba mtu avue kiatu ndipo nijue. Simama stejini Githurai saa kumi na mbili jioni, uangalie miguu ya wanaoshuka kwenye matatu kutoka mjini. Utaona kiatu baada ya kiatu kimefura upande wa ndani, mahali palepale, na vingine vimepasuka hapo ingawa soli bado ni nzima.

Nianze na imani moja ambayo imewapotezea watu pesa nyingi. Wengi hudhani nundu hiyo ni kitu kilichoota: mfupa mpya, au nyama iliyoganda, au chumvi iliyojikusanya. Mtu akishaamini kwamba kimeota, hutafuta cha kukiyeyusha. Ndiyo maana wauzaji wa dawa za kupaka na za kubandika hawakosi wateja. Lakini mfupa unaouona hapo ni uleule uliozaliwa nao. Pengine ukingo wake umenenepa kidogo kwa kusuguliwa. Kiini cha jambo, hata hivyo, ni kwamba umehama.

Wayo mmoja una mifupa 26. Mmoja wao ni mrefu na mnene, nao unabeba kidole gumba. Kwa mwenye nundu, mfupa huo umeegemea upande wa wayo wa pili, na kidole chenyewe kimeegemea upande ulio kinyume, kuelekea vidole vingine. Pale viwili hivyo vinapokutana panatokea kona, na kona hiyo ndiyo nundu. Juu yake kuna kifuko chembamba chenye majimaji ambacho kazi yake ni kulainisha msuguano. Kiatu kikikibana siku nzima, kifuko huvimba, ngozi huwa nyekundu, na usiku unalala umening'iniza mguu nje ya blanketi kwa sababu hata uzito wa blanketi unauma.

Daktari huipima pembe hiyo kwenye picha ya eksirei. Kidole kikiegemea chini ya digrii 15, huo ni mguu wa kawaida. Kikizidi 40, hali ni kali. Shikeni neno moja hapa, maana litawasaidia mkienda hospitalini: picha hiyo hupigwa ukiwa umesimama. Ukipigwa ukiwa umelala kitandani, mguu haujabeba uzito, na pembe itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Mtu akikuambia ulale, muulize kwa upole kama inawezekana usimame.

Na kwa nini nundu ikishaanza huelekea kuzidi, hata kama ni polepole? Ni kwa sababu ya kano. Kano zinazokunja na kunyoosha kidole gumba hupita katikati, juu na chini ya kiungo. Kidole kikishaegemea, kano hazikifuati. Zinabaki zikikata njia ya mkato, na kila hatua unayopiga zinakivuta kidole zaidi, kama uzi unavyoukunja upinde. Kidole gumba kikilegea namna hiyo, hakisukumi ardhi tena kama kilivyopaswa. Mzigo unahamia kwa kidole cha pili, ambacho hakikuumbwa kuubeba. Ndipo sugu inapoota chini ya wayo, katikati, na kidole cha pili kinaanza kupanda juu ya gumba. Kuna mama ambaye atakwambia nundu haimsumbui, kinachomuua ni sugu. Hajui kwamba ni ugonjwa mmoja.

Sasa tuje kwenye kesi: nani alaumiwe, kiatu au ukoo?

Mwaka 1958 madaktari wawili wa Hong Kong, Sim-Fook na Hodgson, walichapisha uchunguzi wa miguu ya Wachina waliovaa viatu na ya wengine ambao hawakuwahi kuvaa. Kwa wenye viatu, nundu ilionekana kwa asilimia 33. Kwa waliotembea pekupeku, asilimia 1.9. Zaidi ya miaka 50 kabla yao, daktari mmoja Mmarekani, Hoffmann, alikuwa amepima miguu ya watu wa Ufilipino na wa Afrika ya Kati waliotembea bila viatu, akaeleza vidole vilivyonyooka na kutawanyika kama vya mtoto mchanga. Makala yake ya 1905 ina manufaa, lakini mjue watu hao aliwapata wapi: walikuwa wameletwa kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904, watazamwe na umati. Elimu ya miguu yetu ina kurasa za namna hiyo, na sioni sababu ya kuzifunika.

Uchunguzi ninaoupenda zaidi ni wa makaburi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitazama mifupa ya watu 177 waliozikwa mjini humo katika Zama za Kati, wakatoa matokeo mwaka 2021. Kwa waliozikwa kati ya karne ya 11 na ya 13, asilimia 6 tu walikuwa na dalili za nundu. Kwa wa karne ya 14 na ya 15, asilimia 27. Kilichobadilika katikati ni mtindo: viatu vya ncha ndefu iliyochongoka vilikuwa vimeingia, na matajiri na hata watawa walivitaka. Ncha zilirefuka mpaka mwaka 1463 Mfalme Edward IV akapitisha sheria ya kuzipunguza: jijini London zisizidi inchi 2. Katika mifupa hiyohiyo, wazee wenye nundu walikuwa na alama nyingi zaidi za kuvunjika kwa kuanguka. Hilo la kuanguka tulichukulie kwa uzito. Kidole gumba ndicho kinachotushikilia tusipoteze mizani, na shosho mwenye nundu akijikwaa bafuni anaweza kuvunjika nyonga.

Kwa hiyo kiatu kina hatia. Lakini si peke yake, maana kama kingekuwa peke yake, kila aliyevaa ncha nyembamba angekuwa na nundu, na sivyo. Mwulize mwenye nundu habari za mama yake na za nyanya yake. Mara nyingi sana utasikia kwamba nao walikuwa nayo. Kinachorithiwa si nundu yenyewe, bali umbo la mguu: viungo vilivyolegea, wayo uliolala, mfupa wa kidole gumba uliozaliwa na mwelekeo wa kwenda pembeni. Kiatu kinafika na kukamilisha kazi. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikadiria kwamba nundu inawapata karibu asilimia 23 ya watu wazima wenye umri wa miaka 18 hadi 65, na zaidi ya asilimia 35 ya waliozidi hapo; wanawake asilimia 30, wanaume 13. Sehemu ya tofauti hiyo ya wanawake na wanaume inauzwa kwa jozi, ikiwa na kisigino kirefu.

Najua kuna kijana anayesema moyoni: basi turudi pekupeku kama babu zetu. Askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni, walitembea pekupeku katika Vita Vikuu vya Kwanza. Sawa, lakini nenda Murang'a uone funza alichowafanyia watoto na wazee wasio na viatu. Anaingia chini ya kucha na kwenye nyayo, kidonda kinaoza, na mtoto anashindwa kwenda shule. Pepopunda nayo haijaondoka. Na hapa kwetu, kati ya reli na soko, chini kuna vigae vya chupa, misumari na maji ya mitaro. Kiatu tunakihitaji. Tunachogombana nacho ni umbo la sehemu yake ya mbele.

Hebu niwape kipimo ambacho hakigharimu kitu. Jioni, miguu ikiwa imefura kwa kazi ya siku, simama pekupeku juu ya karatasi au kipande cha katoni, na mtu mwingine akuchoree mguu kwa kalamu iliyosimama wima. Kisha weka kiatu chako juu ya mchoro. Mchoro ukichomoza nje ya kiatu, umeona ugonjwa wako. Akina mama niliowafanyisha jambo hili hucheka kwanza, halafu hunyamaza. Beba kipande hicho cha katoni uendapo kununua viatu, iwe ni duka la Thika mjini, iwe ni rundo la mitumba pale sokoni. Nunua jioni, si asubuhi. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Kisigino kiwe kifupi. Kiatu kiwe na kamba, mkanda au kifungo kinachoshika sehemu ya katikati ya mguu, kwa sababu kiatu kisichoshika huufanya mguu uteleze mbele na kujikaba. Utalijua hilo ukishuka ngazi za daraja la waendao kwa miguu juu ya barabara kuu ya Thika: kila ngazi inausukuma mguu kwenye ncha. Ukiwa na viatu visivyo na mkanda, unazipiga nundu zako nyundo mpaka chini.

Kuhusu mitumba, siwezi kuwafuata wanaosema ni mbaya moja kwa moja. Ni kweli kiatu cha mtumba kimeshashika umbo la mguu wa mtu mwingine, na soli yake inaweza kuwa imelika upande mmoja. Kiweke mezani, ukitazame kwa nyuma, kikiinama kiache. Lakini raba ya mtumba yenye ncha pana na soli nzima ni rafiki mkubwa wa nundu kuliko kiatu kipya cha reksini kinachong'aa dirishani. Reksini haitanuki. Ngozi hutanuka. Huko mbele kwenye barabara hii yetu, mjini Thika, ngozi inatengenezwa tangu zamani, viwanda kama Bulleys vipo hapo, na bado tunawavisha wasichana wetu wa ofisini plastiki iliyochongoka.

Hapa ndipo ninapomleta mtu ambaye hatajwi katika vitabu vya tiba: mshona viatu. Kabla ya daktari wa mifupa, nendeni kwake. Sehemu kubwa ya maumivu ya nundu hutoka kwenye msuguano, si kwenye mfupa, na msuguano unaondoshwa kwa chombo cha fundi. Mwambie akiloweshe kiatu cha ngozi na kukitanua kwa kalibu mahali pa nundu tu, si kiatu kizima. Kama kuna mshono unaopita juu ya nundu, aufumue na kuuhamisha. Kama ni kiatu cha kazi usichojali sura yake, akitoboe tundu mahali hapo na kulishonea kipande cha ngozi laini. Fundi mzuri wa Githurai anaweza kufanya hivyo ukingoja. Na wale mnaovaa akala, mwambieni aliyezikata asogeze ukanda wa mbele usipite juu ya nundu; akala ni pana, na ukanda ukikaa vizuri, mguu hupumua.

Kwa walinzi waliopewa buti za kampuni: ombeni saizi yenye upana, si urefu tu. Mtu mwenye mguu mpana akipewa saizi ndefu zaidi, mguu unaogelea, kisigino kinachubuka, na nundu bado imebanwa.

Nije kwenye dawa kwa haraka, maana hapa hakuna mengi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, hutuliza uvimbe. Parasetamoli husaidia. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe na maumivu kweli, lakini si peremende: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye presha, mwenye figo dhaifu asizimeze bila kumwuliza mhudumu wa afya. Sipendi hata kidogo desturi ya kuingia kwa kemisti kila Jumamosi na kuchomwa sindano ya diklofenaki ili wiki iende. Kiatu kinachokuumiza Jumatatu utakivaa tena, na sindano itakuwa imefanya kazi ya kukusaidia kuvumilia kile ulichopaswa kukivua.

Vifaa vya kutenganisha vidole, vile vya mpira laini, na vile vya plastiki vinavyofungwa usiku: vinaweza kupunguza maumivu, na kama vinakufaa, vaa. Havirudishi mfupa mahali pake kwa mtu mzima. Picha za matangazo zinazoonyesha mguu kabla na baada zinaweza kuwa picha za miguu miwili tofauti, au za mguu mmoja ulioshikwa kwa mkono. Madaktari wa Finland walifanya jaribio la wagonjwa 209, wakalichapisha mwaka 2001: kundi moja lilifanyiwa upasuaji, jingine likapewa soli za kuegemeza wayo, la tatu likangoja. Baada ya miezi 6 wenye soli walikuwa na nafuu kuliko waliongoja. Baada ya mwaka, nafuu hiyo ilikuwa imekwisha, na waliopasuliwa ndio waliokuwa mbele. Mazoezi ya kutawanya vidole na ya kuivuta sehemu ya chini ya wayo bila kukunja vidole huimarisha misuli midogo, nayo hayana hasara. Fanya ukiwa umeketi nyuma ya meza yako ya mboga, hakuna atakayeona.

Lakini kabla hujajitibu, hakikisha ni nundu. Wanaume hasa, nisikilizeni. Ukiamka usiku wa manane kidole gumba kimewaka moto, chekundu, hakiguswi, na jana mguu ulikuwa mzima, hiyo huenda ni gauti. Nundu haiji usiku mmoja, huchukua miaka. Gauti ina dawa zake, na ina uhusiano na pombe na nyama, kwa hiyo mkikutana baada ya nyama choma ya Jumapili na mmoja akaanza kuchechemea, msimpeleke kwa mshona viatu. Viungo vya vidole vya mikono vikivimba pia, vikiwa vigumu kila asubuhi, hiyo huenda ni baridi yabisi, na inataka daktari mapema kabla haijaharibu viungo.

Na wenye kisukari wana kanuni yao peke yao. Kisukari huua hisia za miguu, na nundu iliyosuguliwa hupasuka bila mwenyewe kuhisi. Kidonda kidogo hicho ndicho kinachoanza safari ya kukatwa mguu. Mwenye kisukari atazame miguu yake kila usiku, atumie kioo au mjukuu, na asinyoe sugu kwa wembe. Hilo la wembe nawaomba hata msio na kisukari mliache.

Sasa upasuaji, ambao najua ndio uliowaleta wengi. Sababu ya kupasuliwa ni maumivu yanayokuzuia kufanya kazi au kutembea ingawa umeshabadilisha viatu. Au kidole cha pili kilichopandishwa. Au ngozi inayopasuka mara kwa mara. Sura ya mguu si sababu. Mguu usiouma ukipasuliwa ili uonekane vizuri kwenye viatu vya harusi unaweza kuamka ukiwa unauma. Wenye mifupa inayokua, yaani wasichana wa shule, kwa kawaida huambiwa wangoje, kwa kuwa nundu huweza kurudi.

Watu hufikiri daktari anaichonga nundu na kuitupa. Kuchonga peke yake hakutoshi, kwa sababu tulishasema mfupa umehama. Anaukata mfupa, anausogeza mahali pake, anaufunga kwa skrubu ndogo. Njia zilizowahi kuandikwa ni zaidi ya 100, na wingi huo usikutishe. Daktari huchagua kwa kutazama pembe na hali ya kiungo. Kiungo kilichokwisha kuharibika hufungwa moja kwa moja kisikunjike, nayo maumivu hutulia. Muulize mambo haya bila haya: utafanya njia gani, umefanya wangapi, nundu hurudi kwa wangapi, nitasimama lini.

Kwa watu wa Kiuu, njia ya kawaida ni kuanza Ruiru Level 4, kisha rufaa kwenda Thika Level 5 au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambayo iko karibu nasi kuliko wengi wanavyojua. Hospitali ya PCEA Kikuyu nayo inajulikana kwa kazi ya mifupa. Tangu bima ya afya ya SHA ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, uliza ofisi ya bima ndani ya hospitali, kabla ya kupangiwa tarehe, ni sehemu gani italipwa na ni ipi utatoa mfukoni. Omba jibu kwa maandishi.

Swali la mwisho katika karatasi mlizonipa linatoka kwa mama anayeuza ndizi: je, afanye miguu yote miwili mara moja amalize? Mama, kwa mtu anayejitegemea ningesema mmoja kwanza. Wiki 2 za mwanzo utakaa umeinua mguu juu kuliko moyo, na atakayekupikia lazima awepo. Kwa muda wa wiki 6 hivi utatembea kwa kiatu maalumu chenye soli ngumu, bila kubeba mzigo kichwani wala kusimama kutwa. Kama ni mguu wa kulia, hutaendesha gari muda huo. Uvimbe unaweza kukaa miezi 6, wakati mwingine hadi mwaka, na haimaanishi kazi imeharibika. Kwa hiyo hesabu biashara yako nyuma kutoka Desemba. Ukipasuliwa Februari au Machi, karo ya muhula wa kwanza ikiwa imeshalipwa na soko likiwa limepoa, utakuwa umerudi mezani kabla msimu haujachangamka. Na tafuta mtu wa kukushikia meza sasa hivi, kabla hujatafuta daktari.